Mizani Yasema Mwanne Hana Kitu

Usiku wa jana niliota mke mwenzangu Mwanne amekalishwa juu ya mizani ya tumbaku, na mizani inasema hana kitu.

Mizani yenyewe naijua. Ni ile ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, ambako marehemu mume wetu, Mzee Kapilima, alikuwa akipeleka tumbaku yake kila msimu. Ina uso wa duara kama saa ya ukutani na mshale mmoja mwekundu. Mwanne ni mwanamke wa mwili, hata sasa alivyopungua, lakini mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri kama mtu aliyeshiba.

"Hana kitu," mizani ikasema. "Mwingine."

Nikaieleza kwamba hapana mwingine. Tumekuja wawili tu, na mwenye shida ndiye huyo aliyepanda.

Hata ndotoni nilikuwa nakumbuka mambo yote kama mtu aliye macho. Mimi na Mwanne tulikaa eda pamoja katika nyumba moja, mimi chumba cha mbele, yeye chumba cha uani. Siku ya kutoka eda mimi nilitoka, yeye akabaki. Si kwamba alikataa. Alitoka, akaoga, akavaa nguo mpya kama desturi, akapeana mikono na watu, halafu akarudi kulala akatazama ukuta, na hadi leo ndiyo kazi yake. Sala anaswali ameketi. Chakula anakigusa kwa adabu tu, asije akamvunja moyo aliyepika.

Watu hawakukosa la kusema. Kuna waliosema ni jini. Kuna waliosema ni deko. Shangazi yake mwenyewe alisema huyo anataka mume, apewe mume. Mimi nilimsomea Yasini kwenye maji akanywa, na naamini mpaka sasa kwamba yale maji yalimshika mkono asizame zaidi. Lakini alikuwa ameacha kugombana na mimi, na hilo ndilo lililonitisha. Miaka yote tumegombea hata upande wa kuanika nguo. Sasa nikianika upande wake anasema, sawa, dada.

Ndipo akaja muuguzi wa zahanati, Edina, akatuambia kuna madaktari mjini wanaofanya utafiti wa ugonjwa unaoitwa sonona, huzuni inayomwingia mtu ikakataa kutoka. Wanatafuta watu wa kushiriki, na watakaochukuliwa watahudumiwa na kuangaliwa kwa karibu. Siku ya kwenda ni leo asubuhi. Edina alisema wazi kwamba kwanza Mwanne ataulizwa maswali, na akionekana mzima atarudishwa nyumbani. Nikalala na jambo hilo kifuani. Mwanne namjua. Akiulizwa hali, atasema salama, na watamrudisha kwenye ule ukuta.

Basi narudi kwenye ndoto.

Daktari anakuja. Ni kijana, anajitambulisha kwa jina la Lusajo, amevaa koti jeupe na amefungwa kitambaa cheusi machoni. Anatembea vizuri tu, anaruka hata kidimbwi cha maji kilichokuwa sakafuni. Nikamuuliza, baba, macho yana nini? Akajibu kwa upole kwamba macho ni mazima, ni taratibu za utafiti. Wengine wanapewa kidonge chenye dawa, wengine kidonge kitupu kinachofanana nacho, na daktari hatakiwi kujua nani kapata kipi, asije akampendelea mtu. Nikamwambia si angegeuza shingo tu. Akasema binadamu huchungulia.

Mkononi ana sahani ya bati. Ndani yake wamekaa vidonge viwili vyeupe, navyo vimefungwa vitambaa machoni, vidogo mno, sijui nani alivishona. Vilikuwa wageni, nami nilisoma mpaka darasa la saba lakini adabu nilifundishwa nyumbani, kwa hiyo nikavitolea salamu. Vikaitikia pamoja. Nikaviuliza ni yupi kati yao mwenye dawa.

"Hatujui, mama," kikasema cha kulia.

"Mimi nahisi nina kitu ndani," kikasema cha kushoto. "Ila mwenzangu naye anahisi vivyo hivyo."

Vikainama. Nikavionea huruma. Nikaviambia visihuzunike, hata sisi wanadamu hatujijui, ajuaye kilichomo ndani ni Mola peke yake. Vikasema amina. Daktari akageuza uso upande wa pili, nadhani asije akasikia zaidi ya anachoruhusiwa.

Halafu akasema kwamba kabla ya yote inatakiwa ridhaa. Nikasema ridhaa ipo, mimi ndiye bi mkubwa wa nyumba hii na nimeridhia. Akatikisa kichwa. Ridhaa, akasema, huja yenyewe kwa miguu yake.

Tukageuka. Mlangoni alikuwa amesimama kuku mweupe, ndiye ridhaa yenyewe.

Na huo mlango nao haukuwa na ukuta. Ulisimama peke yake katikati ya ghala, na kila tuliposogea ulisogea, ukitufuata nyuma kama mdogo wa bwana harusi. Nilipoutazama kwa jicho kali ukajieleza bila kuulizwa. Ulisema kwamba kazi yake ni hiyo tu, kuwa karibu, maana mshiriki ana haki ya kuondoka wakati wowote na hakuna atakayemkasirikia. Nikauambia vizuri, lakini usitukanyage visigino. Ukarudi nyuma kidogo.

Nikamwita kuku. Nilikuta mtama kwenye pindo la kanga yangu, nikamrushia, akala wote mpaka punje ya mwisho. Kisha akanitazama kwa jicho moja.

"Ahsante kwa chakula," akasema, "lakini mimi si wako."

Nikamweleza kwamba mwenye kuku ni mke mwenzangu, na mimi na yeye ni kitu kimoja.

"Mngekuwa kitu kimoja msingegombea kamba ya nguo," akasema kuku.

Alikuwa na mdomo yule. Nikataka kumkamata nimtie kwapani nimpeleke, maana muda unakwenda na asubuhi haiko mbali. Nikamnyatia upande huu, akaenda upande ule. Nikatandaza kanga, akaruka akatua juu ya mlango. Mlango ukaniomba radhi, ukasema hauwezi kumzuia. Daktari Lusajo akasema kwa upole uleule kwamba kuku huyu hakamatwi. Wapo waliowahi kumkamata, wakafika naye kwenye mizani, wakakuta wameshika manyoya.

Hapo juu ya mizani Mwanne, bila hata kugeuza shingo, akasema, "Njoo."

Neno moja. Tena sauti ilikuwa kavu kama ya mtu aliyeamka kwenye homa. Kuku akashuka, akapita mbele yangu hana habari na mimi, akaenda kujikunja miguuni pa Mwanne kama anayetaka kutaga. Vidonge vikanong'onezana. Mimi nikashika kiuno. Nilifurahi, na pia niliona wivu kidogo, siwezi kuficha.

Mara tuko nyumbani uani. Sikuona tulipita wapi. Mizani imewekwa katikati, kati ya jiko na chumba cha Mwanne, na Mwanne bado yuko juu yake na kuku wake. Mlango umesimama karibu na karo, unatazama pembeni kwa heshima. Kulikuwa na jua la saa nne, jua zuri la kuanika michembe ya viazi.

"Maswali," mizani ikasema. "Analalaje?"

"Analala vizuri, alhamdulillahi," nikajibu mimi.

Mshale haukutikisika. Mizani ikauliza chakula kinapita? Nikasema kinapita, tunashukuru. Ikauliza, moyo je? Mwanne akasema mwenyewe, "Moyo salama."

Nilishangaa kusikia yanayotoka kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyemsihi Edina atuandikie siku ya kwenda, mimi ndiye niliyemshika Mwanne mkono nikamwambia twende mdogo wangu, na sasa namsemea kwamba analala vizuri. Lakini haikuwa uongo wa kukusudia. Kwetu swali la hali halijibiwi kwa ubaya. Mtu anaweza kuwa ametoka kuzika, udongo bado uko kwenye kucha, ukimuuliza habari za huko atasema njema. Atavuta kigoda, atakaa, atakunywa maji, ndipo aseme: njema, ila tumemzika fulani. Neno baya halitangulii kuingia ndani ya nyumba. Linasubiri neno jema lifungue. Na zaidi ya hapo, mja hasimami mbele ya Mola wake aliyempa pumzi akaanza na malalamiko.

Shida ni kwamba mizani ilikuwa inasoma neno la kwanza tu, ikishalisoma inafunga.

"Mzima," ikasema. "Mzima kuliko daktari. Arudi nyumbani."

Nikasema tuko nyumbani tayari. Ikasema basi arudi ndani.

Kutoka kwenye kapu lililoning'inia begani mwa daktari ukatoka muhuri, muhuri wa mpini wa mti kama wa ofisi ya kijiji, ukaja unarukaruka kwa mguu mmoja. Ulikuwa na sauti nyembamba. Ulisema kwamba ungependa kumgonga Mwanne kwenye paji la uso neno MZIMA, haiumi, na baada ya hapo hataulizwa swali tena maisha yake yote, popote atakapokwenda. Ukamwomba Mwanne ainame kidogo.

Mwanne akaanza kuinama.

Mimi si mtu wa makelele. Hata siku ya msiba nililia kwa kipimo. Lakini nilipoona lile paji linashuka kuelekea muhuri, niliona na kitakachofuata: chumba cha uani, ukuta, na mimi nje ya mlango nasikiliza kama bado anapumua. Nikapita mbele. Nikauambia muhuri usubiri kidogo, maana mimi na mwenzangu tangu asubuhi hatujasalimiana, na si vizuri mtu kugongwa muhuri kabla ya kusalimiwa.

Muhuri ukafikiri. Ukasema salamu inaruhusiwa. Ukakaa chini kusubiri.

Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mizani, karibu kabisa, goti kwa goti na mke mwenzangu. Nikaanza kama tunavyoanza siku zote.

Umeamkaje? Salama. Habari za usiku? Njema. Habari za mwili? Mwili mzima. Habari za huko chumbani? Njema tu, dada. Habari za shuka, za taa, za ndoo ya maji? Zote njema. Mshale umelala. Vidonge vimezuia pumzi, hata daktari amekunja mikono, na mimi nimekwisha maliza habari zote ninazozijua, zimebaki zile ambazo hakuna anayeziuliza.

"Habari za ukuta?" nikamuuliza.

Mwanne akamshika kuku mgongoni.

"Ukuta salama," akasema. "Ila unanisogelea."

Mshale ukaruka.

Sikuutazama. Niliogopa nikiutazama atakoma. Nikauliza, habari za chai? Akasema chai njema, ila inapita mdomoni kama maji ya kuoshea vyombo, na wali nao ni hivyo, na matobolwa ya viazi, na asali. Nikauliza, habari za sala? Akasema njema, anaswali, ila akifika kwenye sijda hataki kuinuka, si kwa ucha Mungu, ni uzito. Nikauliza, habari za marehemu? Akasema, "Njema. Ila wewe unamlilia mumeo. Mimi sijui ninalia nini tena."

Mizani ilikuwa inalia kwa chini, kama gari linalopanda mlima.

Lilibaki swali moja. Nilikuwa nalo muda mrefu. Kamba ya kisima chetu nimekuwa nikilala nayo chini ya mto tangu mwezi wa mfungo sita, na waliouliza niliwaambia ndoo zinaibiwa. Hata yeye hakuniuliza. Sasa nikakaza sauti ikawa ya kawaida kabisa, kama naulizia bei ya chumvi.

"Habari za kisima, mdogo wangu?"

Mlango, mwenyewe, ukajifungua kidogo, kumkumbusha Mwanne kwamba anaweza kuondoka. Hakuutazama.

"Njema," akasema. "Ila kinaniita kwa jina langu."

Mshale ukazunguka uso wote wa mizani, ukafika mwisho, ukataka kuzunguka tena, kioo kikapasuka. Kuku akataga yai pale pale, bila hata kusimama. Mimi nikamshika Mwanne mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi. Nikamwambia nimesikia. Sikuwa na lingine, na ajabu ni kwamba lilitosha.

"Ahsante kwa kutuambia," akasema Daktari Lusajo. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa. "Sasa tunajua."

Muhuri ulikwisha inuka, ukageuka, ukaingia wenyewe kwenye kapu. Nadhani ulisema samahani.

Sijawahi kusikia watu wakishangilia uzito wa huzuni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mara tuko ghalani tena, na wakulima wote wamesimama kwenye mafungu yao ya tumbaku wanapiga makofi, na akina mama wanapiga vigelegele, na mimi nasema alhamdulillahi, ni mzito, jamani ni mzito. Nilitazama kama marehemu yuko kati yao. Niliangalia safu zote. Hakuwepo. Nikaona vizuri kwamba hayupo, na moyo ukakaa mahali pake.

Mizani, na kioo chake kilichopasuka, ikatoa hukumu.

"Nimepima mizigo ya wengi," ikasema. "Kisicho na uzito hakibebeki, kila ukikishika kinakuponyoka. Hiki kina uzito. Kifungeni."

Tukakifunga. Walileta magunia na nyuzi, tukaishindilia huzuni ya Mwanne kama tunavyoshindilia majani, mimi na yeye tukikanyaga kwa miguu, mpaka ikawa robota moja zuri la pembe nne. Nilichungulia nione ina rangi gani. Ilikuwa ya kahawia, ya kawaida sana, na haikunuka. Mwanne naye akachungulia. Aliitazama kama mtu aliyetishwa usiku na kitu, kisha akakiona mchana.

Daktari akaeleza kwamba robota litapokewa na watu wa hospitali, nao wataligawana kidogo kidogo, kila mtu na kipande chake, na kazi hiyo ina siku nyingi. Lakini mpaka getini pa hospitali ni lazima libebwe na wenyewe. Nikasema hakuna neno, wake wa mkulima wa tumbaku hatufundishwi kubeba robota.

Tunalibeba. Yeye bega la kushoto, mimi bega la kulia, robota katikati. Vidonge viwili vimetangulia vinapiga hatua ndogo ndogo, vimeshikana mikono kwa sababu havioni njia. Kuku anafuata, mlango unafuata kuku. Barabara ni ndefu, mara ni ya vumbi, mara ni korido ya hospitali iliyopigwa deki, na inanuka dawa ya kuoshea sakafu. Mwanne anahema, lakini ni kuhema kwa mtu anayefanya kazi. Sijasikia pumzi hiyo tangu tutoke eda.

Karibu na geti palikuwa na mteremko. Mimi umri wangu umekwenda, na robota kwenye mteremko hukusukuma lenyewe. Basi nikauachia mkono kidogo, upande wangu ukashuka, nikapumua. Nilidhani haonekani. Kisha nikarekebisha, tukaendelea. Getini kulikuwa na watu wengi wa makoti meupe wamenyoosha mikono kupokea, na nyuma yao kulikuwa kunapambazuka.

Nikasikia adhana. Niliitikia nikiwa bado mtoni mwa usingizi, nikaamka nikiwa nalia na wala sina huzuni. Nikatawadha, nikaswali, nikamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wale watafiti na maswali yao, na ampe Mwanne ulimi. Nilipoinuka kukunja mswala nikaona mwanga wa taa uani.

Mwanne alikuwa amekaa kizingitini pa chumba chake. Ameoga. Amevaa gauni la safari na mtandio, na nywele amezichana mwenyewe. Nilisimama pale na mswala mkononi, nikaogopa kusogea.

"Umeamkaje?" nikamuuliza.

"Salama," akasema.

Nikasubiri. Jogoo wa jirani akawika, akamaliza, na mimi bado nasubiri.

"Ila bega hili linaniuma," akasema, akijikanda bega la kushoto kwa kiganja. Kisha akaninyooshea macho, yale macho yake ya zamani ya shari. "Na wewe Bi Mkubwa ulikuwa unalegeza upande wako pale kwenye mteremko. Ulidhani sikuoni."

Nikamwambia mteremko wenyewe ulikuwa mkali.

Akasema mimi siku zote nina sababu.